Tundu la Mwaka 1622

Ottmar Kassebaum alikuwa na trei ya mbao yenye matundu ishirini na mawili, na ndani yake sarafu ishirini na moja. Wengine hukondeshwa na madeni, wengine na wakwe. Yeye alikondeshwa na tundu moja la duara, upana wa vidole viwili na ushee, lililotandikwa kitambaa chekundu kisichokaliwa na kitu.

Lilikuwa tundu la mwaka 1622.

Kwa miaka thelathini na minane alikuwa mpeleka barua wa Zellerfeld, huku juu kwenye milima ya Harz, na mpaka leo bega lake la kushoto limelala kwa sababu ya mkoba. Alibeba barua za mapenzi za watu wengine kwenye theluji ya magotini, na kila alichojibana akakitia kwenye sarafu za taler zilizofuliwa milimani humu humu, kwa fedha iliyochimbwa chini ya nyumba hizi hizi. Upande mmoja zina ngao ya mtawala wa Braunschweig. Upande wa pili amesimama Mtu wa Msituni: jitu la manyoya mwili mzima, majani kiunoni, mkononi mti wa msonobari uliong'olewa na mizizi yake. Ottmar alitaka taler moja kwa kila mwaka wa mtawala mmoja tu, tangu alipokalia kiti mwaka 1613 mpaka alipokufa 1634. Si tamaa kubwa hiyo. Kuna watu hutaka dunia nzima na wanapata nusu.

Yeye alipata yote isipokuwa moja. Aliitafuta kwenye minada na masoko ya vitu vya kale, akaandikia wajane wa wakusanyaji barua za rambirambi zilizokuwa na swali dogo mwishoni. Safari moja alinunua 1622 kutoka kwa mzee mmoja mwenye machozi tayari tayari, akaifikisha nyumbani, akaiweka kwenye mizani, ikawa nyepesi kama ahadi. Ilikuwa bati lililopakwa rangi. Safari nyingine ikaja ya kweli mnadani, na Ottmar alikaa mstari wa tatu, moyo ukimdunda, mkono juu. Mkono mwingine ulikuwa juu mstari wa kwanza, nao haukushuka. Ulikuwa wa Volkmar Dröge, daktari wa meno mstaafu, mwenyekiti wa chama chao cha wakusanya sarafu.

"Pole, mwenzangu," Volkmar alimwambia wakitoka. "Ungeng'oa meno ya watu badala ya kuwapelekea barua, leo ingekuwa yako."

Na kama vile hilo halikutosha, miaka michache baadaye mtoto wa kiume wa Volkmar akamwoa Wiebke, binti pekee wa Ottmar. Sasa akawa anaketi na mkono ule meza moja kila Pasaka.

Lakini hayo yote yangevumilika. Kilichomuuma zaidi ni kwamba taler nyingine ya 1622 ilikuwepo mitaa mitatu tu kutoka kwake, ndani ya kabati la vioo la dada yake Hiltrud, kwenye kimfuko cha hariri ya bluu, kati ya kibakuli cha chumvi na picha ya harusi.

Taler hiyo ilikuwa ya ukoo, tena ya wanawake wa ukoo. Mama wa ubatizo humpa mtoto wa kike anayebatizwa. Mtoto huyo akifika miaka kumi na minne huivaa shingoni, ndani ya kimfuko, siku ya kipaimara, kanisa zima likimtazama. Kisha huitunza mpaka naye awe mama wa ubatizo wa msichana mwingine, na siku ya kuitoa, mezani, kabla ya supu, habari za sarafu husimuliwa mbele ya watu wote. Hiltrud hakuwahi kuombwa kuwa mama wa ubatizo wa msichana. Ukoo ulikuwa umezaa wavulana mfululizo, na Wiebke, msichana pekee, alibatizwa upande wa mama yake. Basi taler ikakaa kabatini, na Ottmar akakaa roho juu.

Aliomba kuinunua. Hiltrud alikataa. Akaomba kuiazima. Akakataa. Akaomba walau aipime na kuitazama kwa kioo cha kukuzia.

"Kuangalia ruksa, kushika marufuku," alisema Hiltrud, na hilo likawa sheria. Kila Krismasi, baada ya bata na kabeji nyekundu, aliitoa kwenye kimfuko, akaiweka juu ya kitambaa cha meza mbele ya mdogo wake, mikono yake ikiwa kifuani, akamtazama. Robo saa. Kisha akairudisha. Ottmar aliona hiyo ni roho mbaya ya kike isiyo na kifani. Mara moja tu, miaka kumi na moja iliyopita, alimruhusu apige picha, tena yeye Hiltrud ndiye aliyeishika.

Katika picha ile, ukingoni, juu kidogo ya mti wa Mtu wa Msituni, palionekana pengo. Mkato mdogo, wa makusudi. Na hapo ndipo kipaji cha Ottmar kilipofunguka. Maana mtu akikusanya sarafu za zamani hujifunza kusoma majeraha. Alama ya kitanzi humwambia kwamba mwanamke aliivaa. Tundu lililozibwa, kwamba mtu aliishona kwenye koti akaenda nayo vitani. Ottmar alikuwa bingwa wa majeraha. Juu ya pengo lile aliandika makala ya kurasa sita katika jarida la chama, yenye kichwa "Kovu la 1622", na watu walimpigia makofi, hata Volkmar, ambaye sarafu yake ilikuwa safi na haina la kusema.

"Ya kwako ni nzuri, daktari," Ottmar alimwambia siku ile, na hakuna siku aliyofurahi kama hiyo. "Lakini ya kwetu ina historia."

Mwaka huu Wiebke alijifungua msichana, akampa jina la Alma, akamwomba shangazi Hiltrud awe mama wa ubatizo. Ottmar alipata habari hizo kwa furaha ya babu, kisha, baada ya kama dakika mbili, kwa hofu. Taler ingemfuata Alma. Na Alma ni mjukuu wa Volkmar pia. Nani asiyejua nani angejitolea "kuitunza" mpaka mtoto akue? Zilibaki siku nne kabla ya ubatizo. Jumatano mchana alichukua nakala ya jarida, akanunua keki ya siagi, akaenda kwa dada yake kujaribu mara ya mwisho.

Hiltrud, miaka sabini na minne, mfupi, mgumu kama kigogo, alimfungulia mlango akamtazama yeye, kisha keki.

"Umekuja kuomba."

"Nimekuja kukusalimia, dada."

"Mwaka mzima hujaleta keki. Haya, ingia, usiniingizie baridi."

Alipomimina kahawa, Ottmar alitandaza jarida mezani. Makala ile dada yake hakuwahi kuisoma. Siku zote alisema macho hayamsaidii. Basi alimsomea mwenyewe, kwa sauti ileile aliyokuwa akiitia mapambo siku za mikutano.

Alimsomea jinsi mwaka ule wa vita watawala walivyoishiwa, wakafungua viwanda vya kufulia sarafu hata ndani ya nyumba za watawa. Watu wa mizani wakazunguka nchi nzima wakipima taler za watu, zile nzito wakizichomoa na kuzipeleka tanurini, fedha ikachanganywa na shaba mpaka ikawa shaba iliyooshwa kwa fedha. Sarafu mpya zilitoka nyeupe, na baada ya wiki chache mifukoni zilikuwa nyekundu. Mchungaji na mwalimu walilipwa nyekundu. Mwoka mikate akazikataa. Watu wakavunja madirisha.

"Baba alikuwa akitusimulia hayo," alisema Hiltrud. "Pesa nyekundu."

"Enhe! Sasa sikiliza hapa." Ottmar alinyanyua kidole. "'Ndipo tunapomwona mwanamke mmoja sokoni Zellerfeld, kikapu mkononi. Amepewa taler. Je, aiamini? Amedanganywa mara ngapi? Anachomoa kisu chake, anakata ukingo, anachungulia. Ni nyeupe! Machozi yanamtoka. Kovu hilo tunaliona mpaka leo.'"

Hiltrud alianza kucheka. Alicheka polepole, kisha mabega yakamtikisika, akashika meza, machozi yakamtoka, na Ottmar naye akatabasamu akidhani makala imemgusa. Kisha kicheko kikakatika ghafla.

"Ottmar. Huyo mwanamke wa sokoni ni wewe."

"Nini?"

"Mwaka wa sitini na mbili. Ulikuwa na miaka minane. Baba katusimulia habari za pesa nyekundu, ukanijia jikoni, ukaniuliza, 'Hiltrud, na ya kwako ni nyekundu ndani?' Nikakwambia nenda zako huko. Kesho yake nimeikuta na pengo."

"Acha zako! Dada, mimi si mtoto. Pengo lile lina miaka mia nne, mtu yeyote mwenye macho..."

"Mwenye macho," alisema Hiltrud. Akainuka, akafungua kabati, akarudi na kimfuko cha bluu, akakitia mkononi mwa mdogo wake. "Haya. Unatembea na kile kioo chako. Tazama."

Kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima, Ottmar aliishika. Ilikuwa nzito, baridi, na kwa nukta moja hakujali kingine chochote. Kisha akaweka kioo jichoni.

Kisu hukata mara moja, na mkato wake huwa laini. Ndani ya pengo lile palikuwa na mistari. Mistari myembamba, iliyolingana, imepangwa kama safu za shamba jipya, meno ya chombo cha kiwandani. Tupa. Tena tupa ya pembe tatu, ya kunolea misumeno, na baba yao alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Ilining'inia nyuma ya mlango wa banda, mpini wake umefungwa kitambaa cha kijani. Kitambaa kile kilimrudia kichwani. Kikafuatwa na baridi ya chuma kidoleni, na unga mweupe juu ya goti la suruali yake. Alikumbuka kwamba alisikitika. Alitaka iwe nyekundu.

Aliishusha sarafu mezani taratibu.

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa na miaka minane, na mkanda wa baba ulikuwa na chuma. Nikasema nimeikata mimi." Hiltrud alikata kipande cha keki, hakukila. "Kanichapa, ila hayo yanapoa. Lakini akaichukua, akasema msichana asiyejua kutunza hastahili kuvaa. Mwaka uliofuata nikaenda kipaimara shingo tupu. Wanawake wote walioipata kabla yangu waliivaa. Kanisa zima liliuliza amefanya nini huyu. Nimeipata nikiolewa, tena baba alinirushia kama mfupa."

"Nilisahau, dada. Naapa."

"Najua. Mtenda husahau. Nilidhani utakuja useme, kesho, kesho kutwa. Nikangoja. Kwani unadhani kila Krismasi nilikuwa nakuwekea mezani ya nini? Ili ushibe macho? Pengo linakutazama, wewe unalitazama, halafu unaniletea habari za kikapu na sokoni!"

Hapo, badala ya kuomba radhi, Ottmar alipandwa na hasira. Ndivyo tulivyo. Mtu akikamatwa hana jibu, hupiga kelele.

"Miaka sitini! Umeniacha nikaandika kurasa sita! Nimesimama mbele ya watu, mbele ya Dröge! Ungenifungua macho kwa neno moja, neno moja tu, lakini wewe ulitaka kuufuga ujinga wangu kama kuku!"

"Toka kwangu."

Alitoka bila kofia.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa mbaya. Alijaribu kila mlango. Huenda palikuwa na mkato wa zamani, na tupa yake iliupanua tu? Huenda mwanamke wa sokoni alikuwepo, akakata palepale? Alichora pengo kutoka kwenye picha mara kumi, na kila mara safu zile zilizolingana zilimrudia, wala hakuna aliyezijua kuliko yeye. Maskini Ottmar, alikuwa amesoma majeraha ya dunia nzima, kumbe nyani haoni kundule. Na jambo lililomkera kupita yote, mpaka akalisema kwa sauti mbele ya trei, ni kwamba sasa hata akiipata hataki kuitazama.

Jumapili Alma alibatizwa, akalia kwa nguvu ya kusifika. Baadaye walikaa watu kumi na wanne nyumbani kwa Wiebke, sahani za supu ya harusi tayari, kwa kuwa huku supu hiyohiyo huliwa hata pasipo na harusi. Volkmar alikaa mkabala na Ottmar, tai ya hariri, uso wa mtu aliyekwisha chagua sanduku la kuhifadhia.

Hiltrud alisimama, kimfuko cha bluu mkononi. Hakuwa amemsemesha mdogo wake tangu Jumatano.

"Mimi ni mama wa ubatizo," alisema, "na desturi yataka nieleze habari za taler hii. Lakini mimi si msomi. Ataieleza Ottmar, ndiye bingwa."

"Safi!" alisema Volkmar. "Kovu la 1622! Hebu tupe, mwenzangu, na wa upande wetu waisikie."

"Fupi lakini, baba," alisema Wiebke. "Supu inapoa."

Ottmar alisimama. Hadithi ya mwanamke wa sokoni ilikuwa mdomoni, tayari, yenye kikapu na machozi yake. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa kitu pekee alichomshindia Volkmar Dröge maishani mwake. Hiltrud hakumtazama kwa ukali. Alimtazama vilevile kama kila Krismasi, mikono kifuani.

"Ilifuliwa hapa Zellerfeld mwaka wa pesa nyekundu," alianza, "na yenyewe ni fedha nzuri. Hilo ni kweli." Akaelekeza kidole kwenye kimfuko. "Pengo hili ukingoni si la 1622. Ni la 1962. Nimelikata mimi kwa tupa ya baba. Niliyoyaandika ni uongo. Sikujua, lakini ni uongo."

Kijiko cha mtu kiligonga sahani.

"Na mkanda," alisema Hiltrud kwa sauti ndogo.

"Nakuja huko," alisema Ottmar. "Hiltrud alisema ni yeye. Akachapwa. Sasa nakumbuka: nilikuwa nyuma ya jiko, namsikia, nakula mkate. Na kipaimara chake alikwenda shingo tupu, watu wakamdhania mabaya, kumbe hakufanya kitu. Asiwepo mtu mezani hapa, wala huyu mtoto akikua, atakayesema alifanya kitu."

Alikaa. Supu ilikuwa imepoa kweli, na hakuna aliyelalamika. Hiltrud alifuta pua, akaitoa taler kwenye kimfuko ili watu waione, akaiweka kiganjani mwa Alma. Alma aliishika barabara, kama mtu aliyeingoja muda mrefu, akaipeleka moja kwa moja mdomoni.

Ottmar aliruka. "Mate! Fedha na mate... Wiebke! Usiifute! Chochote ufanyacho, usiifute, igusishe tu kitambaa!"

"Mwache," alisema Hiltrud, akicheka na kulia pamoja. "Anataka kujua kama ni nyekundu ndani."

Ottmar alirudi nyumbani mikono mitupu, amekasirishwa na mate, na Volkmar, aliyemshika bega mlangoni akamwambia "umejitahidi" kama anamwambia mgonjwa, na yeye mwenyewe kuliko wote. Alitoa trei. Kwa kila sarafu alikuwa na kadi ndogo iliyoandikwa kwa penseli, na ya 1622 aliiandaa miaka arobaini iliyopita, mwaka na uzito na Mtu wa Msituni, akiacha mistari miwili wazi. Penye hali ya sarafu aliandika: *Imekatwa ukingoni kwa tupa na O. Kassebaum.* Penye mmiliki aliandika *Alma*, akatazama, akaona haitoshi, akaongeza juu yake, kwa herufi ndogo zilizobanana kwa sababu nafasi ilikuwa finyu: *Hiltrud, aliyepaswa kuivaa.*

Aliikunja kadi mara mbili ili ienee, akaiweka kwenye tundu.